Siri ya Mgonjwa Haiishii Mlangoni mwa Kliniki

Miiko ya taaluma ya tiba ni mingi, lakini hakuna unaoeleweka na watu wote kwa urahisi kama ule wa kutunza siri ya mgonjwa. Hata asiyejua kusoma anafahamu kwamba anayoyasema mbele ya daktari au muuguzi hayapaswi kusikika sokoni. Kwa ajili hiyo tumejenga vyumba vya ushauri nasaha vyenye milango inayofungwa, tumeweka mafaili kwenye makabati yenye kufuli, na tumewafundisha wanafunzi wetu wasimtaje mgonjwa kwa jina wakiwa ndani ya daladala. Yote hayo ni mema. Hata hivyo, pana mahali ambapo siri hiyo hiyo huandikwa kila siku kwa mkono wa mgonjwa mwenyewe, neno kwa neno, pamoja na tarehe na saa, na ambapo sisi wahudumu wa afya ni nadra kupaangalia. Mahali hapo ni kumbukumbu za utafutaji zinazohifadhiwa kwenye simu na kwenye akaunti ya mtandao.

Mgonjwa anapotoka chumbani kwa daktari, mara nyingi hutoka na swali ambalo hakuthubutu kuliuliza. Ameona foleni ni ndefu, au ameona haya. Akifika nyumbani huiuliza simu. Je, mama mwenye VVU anaweza kunyonyesha? Usaha unaotoka wakati wa haja ndogo ni dalili ya ugonjwa gani? Nikiruka dozi ya dawa siku mbili itakuwaje? Ni maswali halali, na ni heri aulize kuliko akae gizani. Simu humjibu, kisha hulihifadhi swali.

Naamini kwamba kumfundisha mgonjwa kuziona na kuzisimamia kumbukumbu hizo ni sehemu ya huduma ya afya, kama ilivyo kumfundisha kumeza dawa kwa wakati. Naamini pia kwamba sisi tunaovaa koti jeupe tunapaswa kuanza na simu na kompyuta zetu wenyewe.

Kwa nini jambo hili lisemwe kwa sauti zaidi katika Nyanda za Juu Kusini? Utafiti wa kitaifa wa viashiria vya UKIMWI wa mwaka 2022–2023 ulionyesha kuwa maambukizi ya VVU kwa watu wenye umri wa miaka 15 na zaidi nchini ni asilimia 4.4. Mkoani Njombe kiwango kilikuwa asilimia 12.7, Iringa asilimia 11.1, na Mbeya asilimia 9.6. Maana yake ni kwamba katika mitaa na vijiji vyetu hakuna ukoo ambao jambo hili haliuhusu, iwe kwa anayeishi na virusi, anayemuuguza ndugu, au aliye na hofu ya kupima. Tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2019, mtu anaruhusiwa kujipima VVU mwenyewe. Hatua hiyo imewafikia wengi waliokuwa wakikwepa vituo, lakini imeongeza pia idadi ya watu wanaoyatazama majibu wakiwa peke yao usiku, na mshauri wa kwanza aliye karibu nao ni simu.

Kila mhudumu wa kliniki ya tiba na matunzo anawajua wagonjwa wanaoipita zahanati ya kijijini kwao ili wakachukue dawa mbali. Wapo wanaopanda basi Mafinga kwenda Iringa mjini, na wapo wanaotoka Tukuyu kwenda Jijini Mbeya, wakilipa nauli na kupoteza siku nzima ya kazi ili jirani asiwaone kwenye benchi. Wanaficha kadi ndani ya kanga na kuhamishia vidonge kwenye kichupa kingine ili visitambulike. Juhudi yote hiyo inaweza kuvunjwa na mtoto wa darasa la sita aliyeazima simu ya mama yake kufanyia kazi ya shule. Anaandika neno "dalili" akitaka kujua dalili za mvua, na kabla hajamaliza simu inamletea orodha ya mambo ambayo mama alikwisha kuyatafuta.

Ili tushauri vizuri, ni lazima kwanza tuelewe kumbukumbu hizi hukaa wapi. Watu wengi hudhani ni mahali pamoja, na hapo ndipo makosa huanzia. Kwa hakika ni mahali pawili. Pa kwanza ni ndani ya kivinjari cha simu yenyewe, yaani ile programu tunayofungulia kurasa za mtandao, kwa mfano Chrome. Kivinjari huandika kila ukurasa uliofunguliwa. Pa pili ni kwenye akaunti, na kwa simu nyingi tunazotumia hapa nchini hiyo ni akaunti ya Google. Iwapo umeingia kwenye akaunti na kipengele cha kuhifadhi shughuli za wavuti na programu kimewashwa, maneno uliyoyatafuta hupelekwa kwenye kompyuta za kampuni hiyo na kuwekwa humo kwa jina la akaunti yako. Ukifuta ya kwanza, ya pili inaweza kubaki. Ukiivunja simu au kuiuza, ya pili bado ipo. Na akaunti hiyo ikifunguliwa kwenye simu nyingine au kompyuta ya ofisini, anayeitumia anaweza kuyasoma yote kana kwamba anaishika simu yako.

Tukumbuke pia jinsi akaunti hizi zinavyopatikana kwetu. Wapo wengi ambao akaunti zao zilifunguliwa na muuzaji wa simu siku ya kununua, na hadi leo hawajui nenosiri. Wengine waliisaliwa na kijana wa shangazi aliyewasaidia kupakua WhatsApp. Wengine waliingia kwenye akaunti wakiwa steshenari, wakachapisha barua ya maombi ya kazi, wakalipa na kuondoka bila kutoka kwenye akaunti. Katika hali zote hizo mwenye siri ni mmoja, lakini ufunguo uko mikononi mwa wengi.

Yupo atakayepinga na kusema kwamba mtu asiye na la kuficha hana sababu ya kufuta chochote, na kwamba tukiwafundisha watu kufuta tutakuwa tunawasaidia wanandoa kudanganyana. Hoja hii haistahili kupuuzwa, hasa kwa sababu Sheria ya UKIMWI ya mwaka 2008 inamtaka mtu aliyejua kuwa ana maambukizi amjulishe mwenzi wake. Sheria hiyo hiyo inayalinda pia majibu ya kipimo kama siri. Je, mambo haya mawili yanapingana?

Kwa maoni yangu hayapingani, kwa sababu kuambiwa na kugundua ni mambo mawili tofauti. Mke anayeambiwa na mumewe, wakiwa wamekaa pamoja, pengine mbele ya mshauri, huipata habari ikiwa na maelezo yake: kwamba dawa zipo, kwamba anayezitumia vizuri hadi virusi visionekane kwenye kipimo hamwambukizi mwenzi wake kwa njia ya kujamiiana, kwamba watoto wanaweza kuzaliwa salama. Mke anayekutana na habari hiyo kwenye kioo cha simu saa saba za usiku huipata ikiwa peke yake, na nafasi ya maelezo hujazwa na hasira. Mwanamume naye ni vivyo hivyo. Sisi tunaopokea majeruhi tunajua kwamba ugomvi mwingi wa nyumbani haungojei maelezo. Mgonjwa anahitaji siku chache za kujikusanya, kupata ushauri na kuchagua maneno. Kumlinda katika siku hizo kunampa uwezo wa kusema ukweli kwa mdomo wake. Atakayetumia muda huo kukwepa wajibu tutamkumbusha kwenye ushauri nasaha, ambako ndiko mahali pake, badala ya kuiachia simu kazi ya kumuumbua.

Sasa tufanye nini kwa vitendo? Hatua ya kwanza ni kuangalia. Mtu afungue mipangilio ya simu, aingie sehemu ya akaunti yake ya Google, kisha kwenye data na faragha. Humo atakuta ukurasa wa shughuli zake. Atashangaa. Atayaona maneno aliyoyatafuta miezi mingi iliyopita, yakiwa yamepangwa kwa siku na saa. Ni vizuri ajionee mwenyewe kabla hajaamua lolote, kwa kuwa mtu hawezi kusimamia mali asiyoijua ilipo.

Hatua ya pili ni kuchagua. Katika ukurasa huo mtu anaweza kufuta jambo moja, siku moja, kipindi fulani, au kila kitu. Anaweza pia kuagiza mfumo ufute wenyewe kumbukumbu zinapofikisha umri wa miezi 3, 18 au 36, au akasimamisha kabisa uhifadhi wa shughuli mpya. Baada ya hapo arudi kwenye kivinjari na kufuta historia iliyobaki humo. Nakumbusha tena: mahali ni pawili, na kazi ni mbili.

Hatua ya tatu ni kufunga mlango. Simu iwe na namba ya siri au alama ya kidole. Nenosiri la akaunti libadilishwe na mwenye simu mwenyewe, na akaunti iondolewe kwenye vifaa vyote asivyovitambua. Ukurasa wa shughuli nao unaweza kuwekewa sharti la uthibitisho wa ziada kabla ya kufunguka, ili anayeazimwa simu iliyokwisha funguliwa asiufikie.

Wengi watauliza kuhusu hali fiche ya kivinjari. Hiyo ni msaada mzuri kwa anayetumia simu pamoja na wengine, kwa kuwa kurasa zilizofunguliwa humo haziandikwi kwenye historia ya kifaa mara dirisha linapofungwa. Lakini isichukuliwe kuwa ni joho la kumfanya mtu asionekane. Kampuni ya mtandao, mwajiri anayemiliki mtandao wa ofisi, na tovuti zenyewe bado zinaweza kujua kilichotembelewa. Na mtu akiingia kwenye akaunti yake akiwa ndani ya hali hiyo, utafutaji wake unaweza kuhifadhiwa kwenye akaunti kama kawaida.

Hapa nataka kutahadharisha juu ya ushauri mmoja unaotolewa kwa wepesi mno, wa kufuta kila kitu kila siku. Kwa mtu anayeishi na mwenzi mkali anayempekua, simu iliyofutwa yote ni shtaka tosha. Ataulizwa alikuwa anaficha nini. Kwa huyo ni salama zaidi kuondoa yale machache yanayomhatarisha na kuacha mengine ya kawaida, bei ya mahindi, matokeo ya mpira, nyimbo za kwaya, yabaki mahali pake. Ikiwa hata kushika simu peke yake ni hatari, basi aulize maswali yake kliniki, na sisi tuwe na muda wa kumjibu.

Zaidi ya hayo, kumbukumbu hizi zina faida ambayo madaktari tunaweza kuitumia. Mgonjwa akiulizwa kikohozi kilianza lini, hujibu kwamba ni "siku nyingi". Akifungua kumbukumbu zake anaweza kukuta kwamba alitafuta dawa ya kikohozi wiki saba zilizopita, na katika ukanda wenye wagonjwa wengi wa kifua kikuu, tofauti kati ya wiki moja na wiki saba si ndogo. Mama mjamzito aliyetafuta sababu za kuvimba miguu anaweza kuipata tarehe aliyoisahau. Aliyesoma maelezo mazuri juu ya kisukari anaweza kuyarudia. Kwa hiyo kusimamia kumbukumbu ni kuamua kipi kibaki na kipi kiondoke, na uamuzi huo ni wa mgonjwa. Mhudumu asiombe kuiona simu. Mgonjwa akitaka kusoma tarehe kwa sauti, inatosha.

Pana sababu nyingine ya kuzijali kumbukumbu hizi, nayo haizungumzwi sana. Yale tuliyoyatafuta na kuyatazama jana yanachangia kuamua tutakacholetewa leo. Mtu mwenye hofu akitazama video moja YouTube ya anayedai kuponya UKIMWI kwa mizizi, kesho ataletewa tatu za namna hiyo, na wiki ijayo atadhani dunia nzima inakubaliana nazo. Taifa hili halijasahau mwaka 2011, watu walipomiminika kijijini Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha Mchungaji Ambilikile Mwasapila, na baadhi yao wakaacha dawa zao. Wakati ule mgonjwa alilazimika kusafiri siku kadhaa ili akifikie kikombe. Leo kikombe humfuata kitandani. Kufuta historia ya video hizo, au kusimamisha uhifadhi wake, hupunguza wimbi hilo. Mgonjwa aliyeonyeshwa jinsi ya kufanya hivyo ana nafasi kubwa zaidi ya kusikia sauti ya muuguzi wake.

Nigeukie sasa upande wetu. Daktari kijana aliye zamu peke yake hutafuta kipimo cha dawa ya mtoto kwenye simu, na hakuna ubaya. Ubaya huanza anapoandika kwenye kisanduku cha kutafutia jina la mgonjwa pamoja na ugonjwa wake, au anapobandika maelezo yote ya faili kwenye programu ya akili mnemba ili imsaidie kufikiri. Maelezo hayo yamekwisha toka hospitalini. Vivyo hivyo kompyuta ya wodini inayotumiwa na watu sita kwa akaunti moja huwa daftari lililo wazi kwa wote sita, na kwa fundi atakayeitwa kuitengeneza.

Asidhani mtu kwamba kuondoa jina kunatosha. Mwezi Agosti 2006 kampuni ya AOL ya Marekani ilitoa hadharani utafutaji wapata milioni 20 wa watumiaji wake takribani 650,000, kwa lengo la kuwasaidia watafiti. Majina yalikuwa yameondolewa na kila mtu amepewa namba. Katika siku chache tu waandishi wa habari walimtambua mwanamke mmoja na kwenda kubisha hodi kwake, kwa kuunganisha tu maneno aliyoyatafuta, yakiwemo ya mji wake na ukoo wake. Ikiwa hilo liliwezekana katika nchi yenye watu mamia ya milioni, itakuwaje kijijini ambako kila mtu anajua nani alikuwa mgonjwa wakati wa masika?

Sheria nayo haipo kimya. Ibara ya 16 ya Katiba inalinda faragha ya mtu na mawasiliano yake. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, Namba 11 ya mwaka 2022, ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, nayo inaziweka taarifa za afya miongoni mwa taarifa nyeti zinazohitaji ulinzi wa pekee. Ipo pia Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inayopokea malalamiko. Lakini sheria humfikia mgonjwa baada ya madhara, ilhali elimu inaweza kumfikia kabla.

Ninapendekeza mambo matatu. Kwanza, katika elimu ya afya inayotolewa asubuhi wagonjwa wakiwa wanasubiri, siku moja kwa mwezi itengwe kwa ajili ya simu na siri. Pili, katika ushauri nasaha, hasa baada ya majibu ya kipimo cha VVU, magonjwa ya ngono, mimba au kifua kikuu, mshauri aulize maswali mafupi: Simu yako huitumia na nani? Nenosiri la akaunti analijua nani? Je, ungependa nikuonyeshe jinsi ya kuona na kufuta ulichotafuta? Tatu, kila kituo kiwe na akaunti tofauti kwa kila mtumiaji wa kompyuta, na iwe desturi kutoka kwenye akaunti kabla ya kunyanyuka kitini.

Najua jibu litakalotolewa: wahudumu ni wachache, foleni ni ndefu, na hakuna dakika ya kuongeza. Ni kweli, na aliyepata kufanya kazi siku ya kliniki hawezi kulikanusha. Lakini maswali hayo matatu hayazidi muda wa kupima shinikizo la damu, wala si lazima yaulizwe na daktari. WAVIU washauri na wahudumu wa afya ngazi ya jamii, ambao wengi ni vijana wanaozijua simu kuliko sisi, wanaweza kuibeba kazi hii kwa ustadi wakifundishwa. Tulinganishe pia na gharama ya upande wa pili: mgonjwa mmoja aliyeumbuliwa na simu yake, akapigwa au kufukuzwa nyumbani, akaacha dawa, hurudi kwetu baada ya mwaka akiwa machela.

Nawe msomaji ambaye ni mgonjwa, usiache kuuliza kwa sababu ya kuogopa simu. Uliza, soma, jifunze, kwani mwili ni wako. Ila jioni hii, kabla hujalala, fungua akaunti yako uone imekuandikia nini. Ukishindwa kuifungua, njoo nayo siku ya kliniki, umwambie muuguzi kwamba unataka kufundishwa. Akuonyeshe njia, kisha ageuze uso pembeni wakati wewe unasoma yaliyo yako.